Tahariri: Mashabiki wa mpira nao ni watu wa sinema

Jumapili iliyopita jua lilikuwa limeshazama wakati mechi ya kwanza ilipomalizika katika nyumba moja ya video ya komini ya Kenya, hapa Lubumbashi. Mechi ya pili ilikuwa bado saa nzima. Mwenye nyumba aliogopa wateja watatoka na kwenda kuketi kwa jirani, basi akachomeka flashi kwenye televizyo na kuanzisha Mufasa, ile filamu ya simba iliyotoka mwezi wa 12 mwaka 2024, kwa Kifaransa. Ndani mlikuwa watu zaidi ya thelathini, karibu wote wanaume, wengine na jezi nyeusi na nyeupe za Mazembe, wengine na bluu na njano za Lupopo. Tulifikiri watapiga makelele ili itolewe. Walinyamaza, wakaangalia, kisha wakaanza kubishana, na mabishano hayo yakapita mechi ya pili yote, yakatoka na watu mpaka njiani.

Wa kwanza kusema alikuwa kijana wa Lupopo. «Simba anaimba juu ya nini? Anakimbizwa, anaimba. Anapenda bibi, anaimba. Atakula saa ngapi?» Nyumba yote ilicheka. Mwingine akauliza ni kwa sababu gani mtoto wa mfalme anaitwa Taka. «Mutoto unamuita Taka, unangoja akuwe nini?» Na ile inchi nzuri ambayo simba wanaitafuta inaitwa Milele, mzee mmoja, mfanyakazi wa zamani wa reli, alisema kwamba kwetu mtu akienda milele hatumsindikizi kwa furaha. Ndiyo hasara ya filamu inayokopa maneno ya Kiswahili: ikifika kwa wenye lugha, inakaguliwa kwa mlango.

Lakini ubishi mkubwa ulikuwa juu ya Taka mwenyewe. Kwa wale ambao hawajaiona: Mufasa ni mtoto aliyebebwa na maji ya mafuriko, Taka akamwokoa na kumfanya ndugu. Wakakua pamoja. Baadaye Sarabi alimpenda Mufasa, na Taka akamsaliti ndugu yake kwa adui. Je, huyo ni msaliti tu, au ni mtu aliyenyang'anywa nafasi yake? Vijana wa Mazembe walisema kwamba mchezaji anayekaa kwenye benchi kwa sababu mwenzake anacheza vizuri zaidi hana ruhusa ya kufungulia adui mlango. Wa Lupopo wakajibu kwamba kuna benchi na benchi. Kuna mchezaji anayekalishwa na bado ndiye aliyemleta yule mwingine kwenye ekipe. Yule mzee wa reli akawakata wote: «Muache batoto. Makosa ni ya baba. Ni yeye alimufundisha kama bongo ni kazi ya mufalme.» Na ni kweli, filamu inasema hivyo. Wengi wetu tulikuwa tumelisahau neno hilo, yeye alilishika.

Tunaandika haya kwa sababu siku mbili baadaye tulimsimulia rafiki mmoja mwenye elimu kubwa, naye akacheka. Watu wa mpira, alisema, wanajua nini juu ya sinema? Na zaidi, wanajua nini juu ya filamu za nyimbo, ambazo ni jambo la Broadway na Hollywood? Waache wahesabu kona na penalti. Mawazo kama hayo tumeyasikia mara nyingi, hata kwa watu wanaoandika juu ya utamaduni katika magazeti ya inchi hii. Tunayakataa.

Kwanza tuchukue lile swali la kijana wa Lupopo, maana ndilo swali la zamani kabisa juu ya filamu hizi: kwa nini mtu aimbe mahali ambapo angesema tu? Hakujibiwa na profesa. Alijibiwa na mtu wa Mazembe aliyekuwa ameketi nyuma yake: «Na ku matanga tunafanyaka nini?» Ukumbi ukatulia kidogo. Kwa kweli, tunafanya nini? Mtu amekufa, maiti bado haijatoka hospitali, na tayari ngoma iko kwenye kiwanja, kwaya imepanga viti, bibi zake wanaimba jina lake na deni alilokufa nalo. Hakuna anayeuliza kama ni jambo la kweli. Na kwenye uwanja wa Kamalondo, ekipe ikifungwa mabao mawili, wale wapiga ngoma wa Mia kwa Mia hawanyamazi. Ndipo wanapoongeza sauti. Mwaka 2010, kule Abu Dhabi, Mazembe iliposhinda Internacional ya Brazil mabao mawili kwa sifuri na kuingia fainali ya dunia ya vilabu, kipa Kidiaba alisherehekea kwa kuruka-ruka akiwa ameketi chini. Magazeti ya Ulaya yaliandika kama kichekesho. Hapa kila mtoto alijua ni mchezo wa kucheza, wenye mdundo wake, na akauiga shuleni.

Kwa hiyo Mwafrika wa uwanjani si mgeni katika filamu ambamo watu wanaimba wakiwa na shida. Mgeni zaidi ni yule aliyejifunza kwamba huzuni nzuri ni ile ya kimya.

Tena historia yetu wenyewe iliunganisha mambo haya mawili kabla ya sisi kuzaliwa, wengi wetu. Mwaka 1974, tarehe 22 hadi 24 ya mwezi wa 9, uwanja wa 20 Mai mjini Kinshasa, ambao leo unaitwa Tata Raphaël, ulijaa kwa ajili ya muziki: James Brown, B.B. King, Celia Cruz, Miriam Makeba, na kwa upande wetu Franco na TP OK Jazz, Tabu Ley, Abeti Masikini. Tamasha lile liliandaliwa kwa sababu ya pigano la Muhammad Ali na George Foreman, lililopangwa tarehe 25. Foreman akapasuka juu ya jicho kwenye mazoezi, na ngumi zikaahirishwa mpaka tarehe 30 ya mwezi wa 10, zikapigwa kwenye uwanja uleule, na Foreman akaanguka raundi ya 8. Kwa mtu wa Kinshasa ilikuwa sherehe moja. Wamarekani waliopiga picha waliigawa katika vipande viwili. When We Were Kings, filamu ya ngumi, ilitoka mwaka 1996 na kupata Oscar mwaka uliofuata. Soul Power, filamu ya nyimbo, ilingoja mpaka 2008. Ukitaka kumwona Mkongo wa siku zile akipenda mchezo na muziki kwa pumzi moja, unalazimika kukodi filamu mbili, na zote mbili ni za wageni.

Hapo ndipo furaha yetu ya Jumapili inapoanza kuwa chungu.

Mechi ya pili ilipomalizika tuliwauliza wale vijana ni nani kati yao ameona Félicité. Hakuna. Ni filamu ya Alain Gomis, ilipigwa Kinshasa, na mwaka 2017 ilipata tuzo kubwa ya majaji mjini Berlin na tuzo ya kwanza ya FESPACO kule Ouagadougou. Félicité ni mama anayeimba kwenye baa. Mtoto wake anapata ajali ya pikipiki, na hospitali haimpasui kabla ya feza kulipwa. Basi anazunguka muji akidai madeni yake, akiomba, akitukanwa, akifukuzwa, na usiku anarudi kuimba, na wanaompigia muziki ni Kasai Allstars. Tulipowasimulia, hakuna aliyeuliza anaimba kwa sababu gani. Mmoja alisema tu kwamba dada yake alifanya mzunguko uleule, mwaka jana, kwa mtoto wa miaka minne. Hakuendelea, na hatukumuuliza zaidi.

Tukauliza juu ya La Vie est belle, ya mwaka 1987, ambamo Papa Wemba ni mwanamuziki wa kijijini anayekuja Kinshasa kutafuta jina. Wazee wawili waliikumbuka, waliiona kwenye televizyo. Hawakujua kwamba mmoja wa waliyoiongoza, Mweze Ngangura, ni mzaliwa wa Bukavu, yaani mtu wa upande huu wa Kiswahili.

Mwishoni tukataja Baloji. Kicheko tena: «Jina gani ile, wachawi?» Ndiyo, ni jina lake, na amelibeba maisha yote. Ni mwanamuziki, amezaliwa hapahapa Lubumbashi mwaka 1978, akakulia Ubelgiji. Filamu yake Augure ilipata tuzo mjini Cannes mwaka 2023. Inamhusu Koffi, kijana anayerudi nyumbani kutoka Ulaya na mchumba wake mzungu mwenye mimba, na familia inamwogopa kwa sababu ya alama aliyozaliwa nayo. Anayemcheza Koffi, Marc Zinga, ni mzaliwa wa Likasi, mwendo wa saa mbili kutoka kwenye kile kiti cha mbao tulichoketi. Kiswahili kinasikika ndani yake. Walioketi pale wanajua kisa cha mtoto anayeitwa mchawi kuliko jaji yeyote wa Cannes, na si wote wangekubaliana na Baloji. Tungependa kuusikia ubishi huo. Haujawahi kutokea, kwa kuwa filamu haijawahi kufika.

Simba wa Hollywood alifika kwa flashi, bila kuitwa. Mtoto wa muji alipita Cannes, na hajaonekana kwenye ukuta wa kartie.

Tunajua nyumba za video zina makosa yake. Watoto wanakaa humo usiku wakati kesho kuna masomo. Wanawake ni wachache. Jumapili ile mama mmoja alikuwa mlangoni akiuza mikate, na alituambia kwamba anazijua filamu zote kwa masikio, hasa zile za nyimbo, lakini ndani haingii. Na jambo zito zaidi: karibu kila kinachoonyeshwa humo kimeibwa. Aliyetengeneza hapati hata franka moja. Mtu akituambia kwamba tunatetea wezi, hatuna jibu safi la kumpa. Tunaweza tu kumuuliza ni duka gani la Lubumbashi linalouza Félicité kwa haki, tuende tukanunue.

Kumbi za zamani za sinema zilifungwa moja baada ya nyingine katika inchi nzima, na nyingi zikawa makanisa. Kilichobaki kwa mtu wa mshahara mdogo ni ile nyumba yenye benchi, jenereta na mchezo wa mpira. Mpira ndio unaolipa mafuta ya jenereta. Filamu inaingia kwa nafasi inayoachwa kati ya mechi na mechi. Anayetaka Wakongo waone filamu za Wakongo aanzie hapo, asingoje jengo kubwa lenye viti vyekundu. Kule Goma, watu wa Yole!Africa walionyesha tangu miaka mingi kwamba filamu, ngoma na vijana wa kartie vinaweza kukutana katika tamasha moja, katika muji uliojua vita kuliko wetu. Hawakungoja jengo.

Kwa hiyo tunasema kwa watengenezaji wetu, hasa wale wanaoishi Brussels na Paris: mkishamaliza mzunguko wa matamasha, toeni ruhusa ya bei ndogo kwa nyumba za video za inchi hii. Karatasi moja, nakala moja safi, franka chache kwa kila usiku. Hamtatajirika. Lakini leo mnapata sifuri, na mnaulizwa Ulaya watu wa kwenu walionaje filamu, nanyi hamna la kujibu. Kwa wakubwa wa utamaduni wa jimbo na wa Kinshasa: anayefungua nyumba ya video anatembelewa na watu wa kodi wa kila namna, atembelewe basi mara moja na mtu anayemletea filamu. Na kwa wenye nyumba: wekeni saa moja ya mchana ambapo mama wa mikate anaweza kuingia na kuketi.

Kabla ya kuondoka tulimuuliza mwenye nyumba ile kama angekubali kuonyesha filamu ya Baloji, kwa malipo, mbele ya wateja wa mpira. Alifikiri kidogo, akatazama karatasi ya mechi iliyobandikwa mlangoni, akahesabu kwa kidole. «Siku ya kwanza hakuna mupira. Munilitee ile siku. Lakini muniambie mbele: kuko nyimbo ndani?»

Tulimwambia ziko.

«Basi nitaongeza baffle.»