Kwa vijana, hatari ya safari haikuwa virusi pekee

KISA cha kwanza cha virusi vya corona kilipotangazwa nchini mnamo Machi 13, 2020, ujumbe uliotangulia kuwafikia vijana ulikuwa kwamba maradhi hayo huwaangamiza zaidi wazee. Ujumbe huo haukuwa wa uongo, lakini ulizaa tafsiri potovu kwamba barobaro mwenye siha njema angeweza kuabiri matatu bila hofu yoyote.

Mnamo Machi 20 mwaka huo, Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), Tedros Adhanom Ghebreyesus, aliwaonya vijana kwamba wao pia wangeweza kulazwa hospitalini au hata kufariki. Alisisitiza kuwa uamuzi wao wa kutembea ungeweza kuwa uhai au kifo kwa mtu mwingine.

Hata hivyo, itakuwa makosa kuwalaumu vijana kwa ukaidi pekee. Serikali iliagiza matatu za abiria 14 zibebe wanane tu, na nauli zikapanda. Kwa kijana anayeishi kwa kibarua cha kila siku, swali halikuwa iwapo gari lilikuwa salama, bali iwapo angemudu kulipanda na kurejea nyumbani kabla ya saa moja jioni.

Kafyu ilipoanza Machi 27, umati wa watu waliokuwa wakiharakisha kuvuka kivuko cha Likoni, Mombasa, ulirushiwa vitoa machozi na polisi. Kanuni iliyokusudiwa kuwatenganisha watu ikawasonganisha. Siku tatu baadaye, mvulana wa miaka 13 aliuawa kwa risasi ya polisi akiwa kwenye roshani ya nyumba yao mtaani Kiamaiko, Nairobi. Baada ya matukio kama hayo, si ajabu kwamba wengi walimwogopa askari kuliko homa.

Hapa ndipo penye funzo. Binadamu huiogopa kwanza hatari anayoiona. Virusi havionekani, ilhali njaa, nauli na rungu vinaonekana. Isitoshe, kijana asiyeugua sana ndiye anayeweza kumpelekea nyanya yake maradhi kijijini bila kujua.

Suala hili halikuisha na corona. Kisa cha kwanza cha mpox humu nchini, kilichotangazwa Julai 31, 2024, kilinaswa katika mpaka wa Taita Taveta, kwa msafiri aliyetoka Uganda akielekea Rwanda. Madereva wa masafa marefu, utingo na wahudumu wa bodaboda, wengi wao vijana, ndio watakaokuwa mstari wa mbele tena janga jingine likizuka.

Hivyo basi, serikali haina budi kuwashirikisha wanapotunga kanuni za usafiri, kuwafidia wanaopoteza riziki, na kuwaeleza waziwazi ni nani wanayemkinga. Amri zinazotegemea rungu huwafunza watu kumkwepa askari, wala si kuyakwepa maradhi.