Mwenye vyombo ndiye mwenye bendi

KUTOKA KASHAI
Na Rwegasira wa Kashai

Ukiuliza kwa nini bendi fulani ya hapa Bukoba ilikufa, jibu la kwanza utaambiwa ni pombe, la pili ni wivu. Mwache mwimbaji, kamuulize mpiga besi, maana wapiga besi husema kweli. Atakwambia mwenye vyombo alikuja na pikapu, akapakia vyombo vyake, akaondoka.

Wiki hii naweka kando bei ya kahawa niongelee amplifaya za gitaa. Sababu ni kijana mmoja wa Nshamba, mpiga solo wa kikundi kinachozunguka wilaya ya Muleba kwenye harusi na mahafali. Alinipigia simu jioni.

"Shikamoo, Ta."

"Marahaba, mwanangu. Habari za huko?"

"Njema, waitu. Tumechanga, tunataka amplifaya ya wati mia mbili. Tufuate Kampala au tuagize Kariakoo?"

Nikamuuliza risiti itaandikwa jina la nani. Alidhani simu inakatakata, akarudia kwa sauti: wati mia mbili, Ta. Nami nikarudia: jina la nani? Ndipo ikabainika kwamba zaidi ya nusu ya fedha inatoka kwa mtu mmoja, na mtu huyo hapigi chombo chochote. Ana duka la mabati na saruji, na anapenda muziki. Watu wa aina hiyo nawajua, nimewapigia gitaa.

Tuanze na hizo wati, kwa sababu ndizo zinazowamalizia vijana fedha. Sikio la binadamu halisomi kama mita ya TANESCO. Ukiongeza nguvu mara mbili, kutoka wati 50 hadi 100, sauti hupanda desibeli 3 tu, yaani kidogo. Ili msikilizaji aseme sasa hii ni mara mbili ya ile, unahitaji nguvu kama mara kumi. Kwa hiyo amplifaya ya wati 100 si mara mbili ya ile ya wati 50 kwa makelele. Ni ile ile imekohoa. Bei, uzito na kiburi ndivyo vinavyopanda mara mbili.

Kipimo cha kweli ni mpiga drums wenu. Akipiga kwa nguvu zake zote bila maikrofoni, gitaa lisikike juu yake bila kukwaruza. Amplifaya ya transista ya wati 50 hivi yenye spika ya inchi 12 inaifanya kazi hiyo, na ya valvu inaifanya kwa wati 15 hadi 30. Ukumbi ukiwa mkubwa, au turubai limetandazwa uwanjani na wageni wamefika mpaka migombani, hapo hununui amplifaya kubwa. Unasogeza maikrofoni mbele ya spika yako, sauti inakwenda kwenye mikisa, maspika makubwa ya ukumbini yanamalizia. Amplifaya ya gitaa kazi yake ni kutengeneza sauti na kukufanya wewe na wenzako msikilizane jukwaani. Kijiji kizima kisikie, hiyo ni kazi ya vyombo vingine.

Kuna wanaochomeka gitaa moja kwa moja kwenye mikisa ya kanisani au ya DJ, bila kisanduku chochote katikati, kisha wanashangaa solo inalia kama nyuki ndani ya kopo. Gitaa la umeme halikutengenezwa hivyo. Spika ya gitaa hukata ile ncha kali ya juu ambayo maspika ya ukumbini huiachia ipite, kwa hiyo spika ni sehemu ya ala yenyewe.

Sasa valvu au transista? Ugomvi huu una umri mkubwa kuliko baadhi ya wasomaji wangu, na wapenzi wa valvu wana hoja. Fender Twin Reverb, yenye wati 85 na spika mbili za inchi 12, ina sauti ambayo ukishaipiga utaisimulia mpaka uzeeni. Vox AC30 nayo hivyo hivyo. Lakini tazama wanachokisifia zaidi wale wa muziki wa roki: valvu ikisukumwa hadi mwisho wake hunguruma na kukwaruza kwa utamu. Sasa hebu sikiliza solo ya Mbaraka Mwinshehe, au sebene yoyote iliyovuka ziwa kuja huku. Noti zimesimama mbalimbali, safi, kila moja unaweza kuihesabu. Sisi huo mngurumo hatuutumii. Roland walipotoa JC-120 mwaka 1975, amplifaya ya transista yenye sauti safi kabisa, walitengeneza kitu kinachoufaa muziki wetu pengine bila hata kutufikiria. Kwa mpiga dansi, transista si chaguo la mnyonge.

Kuna pia suala la mgongo. Twin ina uzito wa kilo karibu 30, na JC-120 haiko mbali na hapo. Anayefikiri hilo ni jambo dogo ajaribu kuifunga nyuma ya bodaboda kutoka Muleba mjini kwenda Rubya, mvua ya Aprili ikinyesha. Mkoa wetu una mvua nyingi, Bukoba hupata kama milimita 2,000 kwa mwaka, na unyevu ule unaoistawisha migomba unaingia kwenye soketi na kuzila taratibu. Valvu ni kioo. Inafika imepasuka, na mimi sijaona duka hapa mjini linalouza nyingine.

Halafu kuna fundi. Kabla hujanunua chochote, nenda kwa fundi redio unayemwamini umuulize: hii ikifa, utaifufua? Transista ya zamani ataifungua, ataona kilichoungua, atachomelea. Hizi mpya za kidijitali, zenye sauti mia ndani yake, nyingi ni ubao mmoja wenye vitu vidogo kuliko punje ya ulezi, zikifa zimekufa. Sisemi msinunue. Boss Katana ya wati 50, kwa mfano, ina swichi ya kupunguza nguvu hadi 25 au hata nusu wati, kwa hiyo unafanya mazoezi chumbani bila kugombana na mama mwenye nyumba. Ila mjue mnanunua kitu cha namna gani. Na ile ya valvu msimruhusu fundi mwenye haraka aifungue. Ndani yake kuna kapasita zinazobaki na umeme wa mamia ya volti hata baada ya kuchomoa plagi, na huo unaua.

Umeme wetu wenyewe nao una hadithi yake. Kwa miaka mingi Kagera haikuwa kwenye gridi ya taifa. Umeme ulitoka Uganda, ukapitia Masaka, ukaingia Kyaka. Kila mpigaji wa rika langu anakumbuka taa zinavyofifia saa moja jioni na gitaa likinywea katikati ya wimbo. Stabilaiza si anasa. Jenereta ya harusini msiichangie na friji ya vinywaji. Pini ya tatu ya plagi isikatwe hata kama soketi ina matundu mawili, maana mwimbaji atakayegusa maikrofoni kwa midomo ndiye atakayelipa. Na kwenye vyombo vya mtumba, geuza nyuma usome kibandiko: vya Marekani ni volti 120, vya Japani 100, na ukutani kwetu ni 230. Bila transfoma ya kushusha, utasikia sauti yake mara moja tu. Wanaokwenda kupiga kwenye kambi za wavuvi huko Bumbire na Goziba watazame hata zile ndogo za betri. Roland walitoa Cube Street inayotumia betri sita za kawaida za ukubwa wa AA. Ni wati 5 tu, lakini kwa gitaa moja na mwimbaji inatosha.

Hayo ni ya ufundi, na fundi mzuri angewaeleza bila gazeti. Narudi kwenye risiti.

Muziki wa dansi wa nchi hii ulijengwa na vyombo vya watu wengine. NUTA Jazz walipigia vyombo vya chama cha wafanyakazi. Chama kikageuka JUWATA, kikageuka OTTU, na bendi ikabadilishiwa jina kila mara kama mtoto anayehamishwa shule. Mlimani Park ilianza mwaka 1978 chini ya kampuni ya usafiri na teksi, na mwaka 1983 ikaingia mikononi mwa shirika la DDC. Kiwanda cha Urafiki kilikuwa na bendi, jeshi lilikuwa na bendi, Umoja wa Vijana ulikuwa na bendi. Siyabezi mashirika hayo. Wakati fedha za kigeni zilikuwa za kutafutwa kwa tochi, bila wao tusingesikia hata waya mmoja ukilia. Lakini mwanamuziki alikuwa mwajiriwa, na siku ya kuondoka aliondoka na vidole vyake tu. Ndiyo maana wakubwa wale walihamahama: aliyekuwa na vyombo vipya ndiye aliyewapata.

Remmy Ongala tunamkumbuka kwa jina la Super Matimila. Matimila lilikuwa jina la mfanyabiashara mwenye vyombo. Nyimbo zikaifikisha bendi Ulaya, zikarekodiwa na kampuni ya Real World ya Uingereza, na jina lililokuwa kwenye bango ni la mwenye maspika.

Waliofanya kinyume wapo. Orchestra Maquis, waliotoka Zaire na kuweka makao Dar es Salaam miaka ya 1970, waliunda kampuni yao wenyewe, OMACO, wanamuziki wakiwa ndio wenye mali. Wageni ndio waliotufundisha hilo, nasi hatukujifunza sana.

Mimi nilipiga rithimu hapa mjini miaka ya tisini, katika bendi ambayo jina lake silitaji kwa sababu mwenye vyombo ana wajukuu wanaosoma magazeti. Alikuwa mkarimu. Alitulisha, alitununulia mashati ya kufanana. Lakini shemeji yake akioa, vyombo vinakwenda kwa shemeji, na harusi tuliyokwisha kuchukua advansi yake inabaki na magitaa makavu. Akipanda jukwaani, anageuza vitufe vya amplifaya ya solo kwa mkono wake, sauti ya juu yote, mwangwi wote, kwa kuwa hivyo ndivyo alivyosikia redioni. Nani amzuie? Tulikuwa tukisubiri ashuke. Mpiga solo wetu, mtu wa Kamachumu, bora kuliko wengi waliotoka kwenye santuri, aliacha gitaa akaenda kuvua. Hakugombana na mtu. Alichoka tu kuomba ufunguo wa stoo.

Wazee wetu walikuwa na nafuu. Mpiga enanga alikuwa na chombo chake mwenyewe, ubao uliochongwa ukawa na shimo, uzi ukipitishwa kwenda na kurudi, na ubao ule ule ndio uliokuza sauti. Tendi ndefu alizoziandikia utafiti Profesa Mulokozi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ziliimbwa kwa chombo kinachobebwa kwapani. Mtawala aliweza kumwita mpigaji, aliweza hata kumtisha, ila hakuna aliyemwambia kwamba kesho enanga ina kazi kwa shemeji.

Sharika na parokia nazo zijitazame. Wapiga gitaa wengi wa mkoa huu wamejifunzia kanisani, na kanisa limewafaa. Lakini chombo kinachofungiwa kabatini Jumatatu hadi Jumamosi hakifundishi mtu. Wekeni daftari, kijana asaini, achukue, arudishe. Akiharibu, alipe kidogo kidogo. Kwaya yenyewe ndiyo itakayofaidi.

Kwa huyo wa Nshamba, nimemwambia hivi. Mwenye duka la mabati asikatiwe pua. Ni mtu mwema, na fedha yake ni fedha. Ila iwe mkopo, uandikwe mbele ya mashahidi, ulipwe kutokana na harusi, ukiisha uishe. Vinginevyo wajiandikishe kama kikundi, waende halmashauri ya wilaya wakaombe kwenye ile asilimia 10 ya mapato ya ndani. Vijana wana fungu lao la asilimia 4 humo, na mkopo hauna riba. Wakinamama wanakopeshwa cherehani, wengine bodaboda. Sioni kwa nini amplifaya isiwe kitendea kazi.

Na waachane na wati mia mbili. Kwa bendi ya watu watano ya Muleba mimi nasema transista ya wati 50, spika moja ya inchi 12, volti 230, uzito ambao mtu mmoja anaunyanyua. Mwende wote watano, na gitaa lenu wenyewe, muipigie pale pale dukani kwa sauti mtakayopigia harusini. Risiti iandikwe jina la kikundi. Muuzaji akikataa kuandika hivyo, duka la jirani liko wazi.