Si Kila Buluu ni Mwizi wa Kunde

Ndugu msomaji, uwaonapo vipepeo wadogo wa buluu bustanini, usiwahukumu wote. Warukapo hufanana; watuapo na kukunja mabawa ndipo hutambulikana. Mwite mwanao mtazame upande wa chini wa bawa, kwani wa juu hudanganya: dume ni buluu, jike huelekea kahawia.

Mwenye vijikia viwili vyembamba, madoa meusi penye vijikia hivyo, na mkanda mpana mweupe karibu na ukingo wa bawa la nyuma, ndiye Lampides boeticus. Kiwavi wake hutoboa maganda ya kunde na mbaazi, akala mbegu. Mwenye vijikia lakini asiye na mkanda huo, mistari yake ikitapakaa kama ya pundamilia, ni Leptotes pirithous. Asiye na mkia, mwenye vidoa juu ya kijivu, arukaye chini chini majanini, huenda ni Zizeeria knysna, ambaye viwavi wake hula mbigili.

Basi, kabla ya kununua dawa, pasua maganda machache. Yaliyotobolewa yachume, uyateketeze. Kumwua asiye na hatia hakuongezi mboga chunguni.