Mji Mdogo, Jina Kubwa

Aghalabu hudhaniwa kuwa fahari ya michezo ni milki ya miji mikuu. VfL Gummersbach, klabu ya mji mdogo wa magharibi mwa Ujerumani iliyoasisiwa mwaka 1861, yaipinga dhana hiyo. Katika mpira wa mikono, imetwaa ubingwa wa taifa mara 12, na Kombe la Mabingwa wa Ulaya mara 5 kati ya 1967 na 1983. Baadaye ilihamishia mechi zake kubwa Köln, penye ukumbi mkubwa zaidi. Mwaka 2013 ikapata ukumbi mpya nyumbani. Ni kweli ilishuka daraja 2019, lakini ilipanda tena 2022 ikiwa papo hapo kwao. Ukumbi hukodishwa popote. Mashabiki hulelewa nyumbani. Wahenga hawakukosea walipolonga kwamba mkataa kwao ni mtumwa.