Mayowe ya Spikeheart: Duma au The Adept?

Kijana wa Meru au Embu akicheza hevi metali kwenye simu, hakosi mtu wa kumwambia azime hizo kelele za wazungu. Haya, Lord Spikeheart naye ni mzungu wa wapi?

Jina lake ni Martin Kanja, Mkenya. Mwaka 2020 yeye na Sam Karugu, wakijiita Duma, walitoa albamu ya jina hilo kupitia Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Karugu alishika gita na midundo ya kompyuta, Kanja akapiga mayowe. Ngoma zinakimbia kama matatu ya Makutano jioni, na mara nyingi sauti inazama humo humo, ikawa chombo kimoja kati ya vingine.

The Adept ya 2024 ni yake binafsi. Ina watayarishaji wengi na wageni kibao, kwa hivyo inarukaruka. Kwa kushikamana, Duma inaishinda, tusidanganyane. Lakini hapa sauti imetoka mbele, tena ina sababu: Kanja ni kitukuu wa Field Marshal Muthoni Kirima, aliyekaa msituni na Mau Mau hadi 1963, na albamu imetolewa kwa heshima yake. Nyumbani kwa Musa Mwariama na Jenerali Kubu Kubu, mayowe kama hayo yanaitwaje ya kigeni?

Nanyi mnaorekodi kwa kompyuta moja chumbani, Embu au Maua, anzeni na Duma. Walikuwa wawili tu.