Makaa ya Redio

Wapo walimu wenzetu hapa Kampala wasemao kwamba Kiswahili hakina maneno ya ufundi, na kwa hiyo yafaa somo letu libaki palepale penye methali, barua rasmi na insha ya "Safari Yangu". Kauli hiyo twaipinga, tena twaipinga tukiwa wakosaji wa zamani.

Miaka kadhaa iliyopita mwanafunzi wetu mmoja aliandika insha juu ya taa aliyoiunda nyumbani kwa balbu ya tochi mbovu, waya wa redio iliyokufa, kopo la siagi na "makaa mawili ya redio". Tulishika kalamu nyekundu. Tukalipigia mstari neno makaa, na pembeni tukaandika kwamba makaa ni ya kupikia. Neno sahihi ni betri. Alama tukazipunguza, wala hatukumwuliza taa yenyewe iliwakaje.

Kijana yule hakukosa. Kwa Kiganda betri za tochi na redio huitwa amanda, yaani makaa, naye aliifasiri lugha ya kwao. Na mtu akiipasua betri kavu ya kawaida, ile ya bei nafuu, atakuta gamba la zinki, ndani yake unga mweusi, na katikati kijiti cha kaboni. Ni makaa kweli! Nchini Kenya wako waziitao mawe. Laiti siku ile tungeyaandika majina yote matatu ubaoni, tukawauliza wanafunzi kila watu waliona nini katika kitu kilekile. (Betri za simu zisipasuliwe kamwe, hizo huweza kuwaka moto.)

Ama hoja ya kwamba maneno hayapo, mwenye kuisema hajashuka Katwe. Huko bati lililotupwa hukatwa, hukunjwa, likatiwa utambi na mafuta, likawa taa ambayo sisi twaiita tadooba, Wakenya koroboi, na Watanzania kibatari. Mafundi redio nao wana waya, lehemu, spika, fyuzi na transista, na kazi inakwenda. Wala si vichochoroni tu: mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia. Mlalamikaji hakutazama meza ya fundi, wala hakutazama rafu ya vitabu.

Nasi Waganda tuna deni la pekee. Idi Amin alitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, na wazee wengi walikisikia kwanza kinywani mwa askari, penye kizuizi cha barabarani. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yamekifanya lugha rasmi ya pili, lakini sheria haiondoi hofu iliyomo masikioni mwa mzazi. Mzazi huyo akimsikia mwanawe akieleza kwa Kiswahili jinsi alivyoifufua redio ya babu, atakuwa amekisikia kwa namna nyingine.

Tutaambiwa kwamba mtihani hauulizi habari za taa za makopo. Naam, lakini mtihani huuliza sarufi, na sarufi hiyo twaifundisha kwa mifano isiyo na uhai. Kauli ya kutendwa huletwa kwa "chakula kililiwa na Juma", mwaka baada ya mwaka, mpaka Juma ameshiba. Kauli ya kutendeka hupitishwa mbio, kana kwamba ni pacha wa ile ya kwanza, na wanafunzi huzichanganya hadi siku ya kuhitimu. Mpelekeni mwanafunzi huyohuyo kwenye meza ya fundi. Waya umekatwa, au umekatika? Ukiwa umekatwa, yuko mtu aliyeukata, na yafaa aulizwe kwa nini. Ukiwa umekatika, fundi atatafuta penye kutu au penye kukunjwa mara nyingi. Redio imezimwa, au imezimika? Iliyozimwa huwashwa kwa kidole. Iliyozimika itafunguliwa skrubu moja baada ya nyingine, na mwenyewe atalipia kazi hiyo.