Kuikimbia nyumba ya mnada si huruma

Gari la matangazo likipita mtaani na spika juu ya paa, likitangaza kwamba nyumba ya fulani itapigwa mnada Jumamosi saa nne asubuhi, maneno yanayofuata ni yale yale, iwe Tabata au Mwanza. Nyumba ile ina machozi ya watu. Atakayeinunua hatakaa. Zitasimuliwa habari za mnunuzi aliyepooza na za mwingine aliyezika watoto wawili mwaka mmoja. Mzee wa mtaa atasema, mchungaji atasema, na mwenye fedha zake halali aliyekuwa anatafuta nyumba kwa muda mrefu ataamua kukaa pembeni. Ataondoka akiamini ametenda utu.

Hakutenda utu. Imani hii ya laana inamuumiza mtu yule yule ambaye inadai kumlilia.

Tufanye hesabu. Tuseme mkopaji anadaiwa na benki shilingi milioni 70, na nyumba aliyoweka rehani ina thamani ya milioni 120 sokoni. Wanunuzi wakijitokeza wengi wakashindana, ikafika milioni 100, benki inachukua milioni 70 zake, gharama za mnada zinakatwa, na kinachobaki ni cha mkopaji. Hiyo ndiyo Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999: ziada si ya benki, si ya dalali, ni ya mwenye nyumba au ya mwenye rehani nyingine iliyosajiliwa juu ya nyumba hiyo. Kwa fedha hizo familia inaweza kupata kiwanja pembezoni mwa mji na kuanza upya. Sasa wenye fedha halali wakibaki nyumbani kwa kuogopa laana, nyumba ikaenda kwa milioni 60, mkopaji ameipoteza nyumba na bado anadaiwa milioni 10, gharama zikiwa juu yake. Kati ya hali hizi mbili kuna tofauti ya milioni 40. Machozi ya nyumba ya mnada yako hapo.

Na nani anayenunua kwa milioni 60? Nenda kwenye mnada wowote wa nyumba uwatazame. Ni watu wachache wanaojuana, wamefika mapema, wamesimama karibu na gari la dalali. Mmoja anataja bei. Wa pili anaongeza laki tano. Wa tatu anaangalia simu yake. Dalali anaita mara ya kwanza, mara ya pili, huku majirani wamejipanga ng'ambo ya barabara wamekunja mikono, na mama mwenye nyumba amekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, hamtazami mtu. Miongoni mwa wale majirani yupo mwenye uwezo wa kutoa milioni 90. Anajua nyumba ilivyojengwa, anajua kisima kina maji mwaka mzima. Hafungui mdomo. Mara ya tatu, imekwenda.

Baada ya miezi kadhaa nyumba ile ile imepakwa rangi, imewekewa geti jipya, na inauzwa kwa milioni 115. Mnunuzi wa safari hii haulizi habari ya machozi, hata akiijua historia yake yote. Faida ambayo ingekuwa ya mama wa kwenye ndoo imeishia kwa watu waliokubaliana bei kabla ya mnada kuanza. Hofu ya laana haijawahi kuwazuia watu hao. Inawazuia waungwana peke yao, na kwa sababu hiyo uwanja unabaki kwa wasio waungwana.

Wahubiri hupenda kumtaja Ahabu na shamba la mizabibu la Nabothi. Nawaheshimu, lakini mfano huu hauhusiani. Nabothi hakukopa. Hakuweka rehani. Alikataa kuuza urithi wa baba zake, akasingiziwa, mashahidi wa uongo wakaletwa, akauawa. Aliyenyang'anywa kwa hila na aliyeshindwa kulipa mkopo aliousaini kwa hiari ni watu wawili tofauti, na kuwaweka fungu moja ni kumkosea Nabothi mwenyewe. Qurani nayo, katika Surat al-Baqara aya ya 280, inahimiza mdaiwa mwenye dhiki apewe muda. Amri hiyo inaelekezwa kwa anayedai. Haisemi kwamba mali ikishafika mnadani watu wakae mbali ili iuzwe kwa bei ya kutupa.

Sheria yetu imeiona hatari hiyo ya bei ya kutupa. Kifungu cha 133 cha Sheria ya Ardhi kinamtaka mkopeshaji anayeuza apate bei nzuri kadiri inavyowezekana, na bei ikiwa chini kwa asilimia 25 au zaidi kuliko ya mali zinazofanana nayo, sheria inachukulia kwamba hakutimiza wajibu huo mpaka athibitishe vinginevyo. Lakini kifungu hakiwezi kutaja bei mnadani. Bei inatajwa na mtu aliyesimama pale na fedha zake.

Wapo walionunua wakahangaika mahakamani miaka. Hilo ni kweli, na ndilo linalowapa nguvu wenye kuamini laana. Ila chunguza kesi hizo, utakuta sababu zinazotajika. Mkopaji hakupewa notisi ya siku 60 inayotakiwa baada ya kushindwa kulipa. Au nyumba ni ya ndoa na mke hakuridhia rehani, wakati Sheria ya Ardhi inataka ridhaa yake na kumtaka mkopeshaji achukue hatua za kujua kama mkopaji ana mwenzi. Au mnada haukutangazwa kwa siku 14 kama Sheria ya Madalali inavyotaka. Haya yote yanaulizika kabla ya mnada. Omba taarifa za kiwanja ofisi ya ardhi. Mwambie dalali akuonyeshe notisi. Muulize mwenyekiti wa serikali ya mtaa kama kuna zuio la mahakama. Na nenda ukazungumze na mke wa mkopaji, kwa heshima, kabla ya siku yenyewe. Wengi wanaogopa hatua hii, na mimi naiona ndiyo ya kwanza. Kifungu cha 135 cha Sheria ya Ardhi kinamlinda mnunuzi wa nia njema, na aliyeathirika na uuzaji usiofuata utaratibu anadai fidia kwa aliyeuza. Ulinzi huo haumhusu aliyejua kuna udanganyifu, wala aliyefumba macho asiujue. Kwenye mnada wa kukazia hukumu ya mahakama jipange zaidi, kwa kuwa robo ya bei inalipwa papo hapo na salio ndani ya siku 15.

Kama tuna huruma ya kweli, mahali pake ni kwenye zile siku 60. Hapo mkopaji bado ana nyumba. Anaweza kwenda benki, akaomba ratiba mpya ya malipo, au akaomba aiuze mwenyewe kwa bei ya soko, alipe deni na abaki na chake. Kinachomkwamisha ni aibu, na aibu hiyo tunaitengeneza sisi kwa minong'ono. Ndugu anayelia siku ya mnada angemsaidia zaidi kumtafutia mnunuzi mwezi mmoja kabla. Na wewe jirani mwenye fedha, mfuate mapema, mwambie wazi kwamba uko tayari kuinunua kwa thamani yake, muende benki pamoja.

Likishindikana hilo, Jumamosi saa nne vuka barabara. Simama karibu na gari la dalali pamoja na wale wanaojuana, na taja bei inayolingana na nyumba. Kila shilingi utakayoiongeza itapunguza deni la jirani yako, na deni likiisha itaingia mfukoni mwake.